Umekuja Kufanya Nini, na Mpaka Lini?

Maneno niliyoyasema jijini Dar es Salaam mbele ya wanafunzi na watafiti wanaojiandaa kwenda Ujerumani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Marudio tu ndiyo niliyopunguza.

Walimu wangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wadogo zangu mnaosubiri safari: asalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo, na hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme juu ya viza na kibali cha ukaazi nchini Ujerumani. Naona wengi mmekuja na daftari mkitegemea niwasomee orodha ya nyaraka. Orodha hiyo ubalozi unaiweka kwenye tovuti yake, nayo hubadilika; isomeni huko, na isomeni tena wiki moja kabla ya miadi yenu. Mimi nimekuja kuwaambia orodha hiyo inatafuta nini kwenu. Naomba nianzie bandarini Tanga, mwaka 1905.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1900, mwalimu mmoja wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alisafiri kwenda Berlin. Kule kulikuwa na chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, na Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala walifundishwa Kiswahili humo. Walihitaji mwenye lugha awafundishe, wakamchukua. Alifundisha, akaishi nao, na mwaka 1904 akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata akataka kurudi nyumbani na mkewe. Meli ikafika Tanga. Serikali ya koloni haikukubali mwanamke mweupe ashuke akiwa mke wa Mwafrika, na wawili hao wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Mimi ni mtu wa Lushoto, na Tanga ndiyo bandari yetu. Nikisimama Raskazoni huwa namfikiria mtu huyu: nchi yake anaiona kwa macho, mitumbwi inapita, sauti anazozisikia ni za lugha yake, na ruhusa ya kushuka na mke wake iko mkononi mwa mtu mwingine. Hali yenu haifanani na yake. Ninyi mna sheria iliyoandikwa, na ndani ya sheria hiyo zimo haki zenu. Lakini ruhusa ya kushuka bado inatolewa dirishani, na anayekaa nyuma ya dirisha hilo anataka kujua mambo mawili: umekuja kufanya nini, na mpaka lini. Katika miaka yangu yote ya kule sikuwahi kuombwa karatasi ambayo haikuwa inajibu moja ya maswali hayo mawili. Ukilijua hilo, hata ile orodha ndefu inaacha kutisha, maana unaona kila kitu kinatakiwa kwa nini.

Tuchukue kosa linalowavunja moyo vijana kuliko yote. Kijana amepata barua ya chuo mwezi wa saba. Muhula unaanza mwezi wa kumi. Miadi ya viza ya masomo anaiona iko mbali. Anatokea mtu, mara nyingi mwenye nia njema kabisa, anamwambia: "Omba ile viza ya matembezi, ukifika utabadilisha kulekule." Haibadilishwi kulekule. Ile viza ya muda mfupi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo zinahesabiwa kwa pamoja katika nchi zote 29 za eneo hilo. Ukikaa wiki mbili Ufaransa, zimeshakatwa. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuzihesabu kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo hesabu haitegemei tena jicho la askari kwenye mihuri ya pasi. Viza hiyo inamfaa mtafiti anayekwenda kwenye kongamano, au anayekwenda kusoma nyaraka kwa wiki sita, au profesa aliyealikwa kutoa mihadhara. Ada yake ni euro 90, inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Kwa kazi hizo ni viza nzuri. Mwanafunzi wa shahada akiitumia, amejibu swali la kwanza kwa uongo kabla hajapanda ndege, na atatakiwa arudi Dar es Salaam aombe upya ile viza ya taifa ya kukaa muda mrefu, yenye herufi D.

Mmoja nilimpokea mimi mwenyewe stesheni ya treni, usiku, mwezi wa tisa. Kijana mwenye akili, mpole, ana barua halali ya chuo kikuu. Alizunguka ofisini, akaandika barua, akasindikizwa na mtu wa chuo. Siku ya 87 nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa amenunua koti zito la baridi kwa fedha alizochangiwa na kanisa la kwao, na baridi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alilibeba mkononi mpaka kwenye ukaguzi. Sijasahau jinsi alivyolikunja. Nawaambia hili ili mwenye barua ya chuo hapa ndani aombe miadi siku ileile anayoipata, asingoje fedha za kiwanja ziingie, asingoje sikukuu ipite.

Sasa niseme na wazazi. Ukisema utakaa mwaka mzima, yule wa dirishani atakuuliza: mwaka huo utakula nini? Hapo ndipo inapoingia ile akaunti ya zuio, Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi anatakiwa kuweka humo euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni thelathini, na najua hapa ndani kuna mtu moyo umemdunda. Zieleweni vizuri fedha hizi. Si ada ya ubalozi wala si ada ya chuo. Ni fedha za mtoto wako, kwa jina lake, zimefungiwa. Akifika na kufungua akaunti ya kawaida, atafunguliwa 992 mwezi hadi mwezi. Viza ikikataliwa, zinarudishwa baada ya kukatwa gharama za benki.

Kwa sababu zimefungiwa, mkopo wa kuonyesha haufai hapa. Nimeona watu wakikopa kwa riba ili salio lionekane, wakidhani watalitoa kesho yake. Halitoki. Mkopeshaji atabisha hodi nyumbani kwenu Mbezi na mtoto yuko Leipzig anapokea 992 zake kidogo kidogo. Na hiyo 992, wazazi wangu, inaisha. Inalipa chumba, bima, chakula na daftari. Naomba niseme kwa heshima, maana nililia siku niliyoshindwa kulisema nyumbani kwetu: mtoto akifika, mwezi wa tatu msimtumie ujumbe wa ada ya mdogo wake. Hatakataa, atatuma. Halafu ofisi itakapouliza tena kama ana fedha za kuishi, ataonekana hana.

Mwenye ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, barua yake ya ufadhili inasimama mahali pa akaunti hiyo, na wenye ufadhili wa fedha za umma za Ujerumani husamehewa ada ya viza. Kuna pia njia ya ndugu anayeishi kule kusaini hati ya dhamana kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Mjomba akikubali, mwambieni ukweli wote: ataonyesha mshahara wake, na kama mgeni wake akija kutunzwa kwa fedha za serikali, mjomba anaweza kudaiwa azilipe, kwa muda wa hadi miaka mitano. Msimsainishe mtu kwa mapenzi tu.

Viza ikikataliwa, barua itasema sababu. Zamani ulikuwa unaandika barua ya kupinga ubalozini bila gharama. Njia hiyo Ujerumani imeifuta tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa unaomba upya ukiwa umerekebisha kilichokosekana, au unakwenda Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa wengi wenu kuomba upya ndiko kwenye maana. Ila someni sababu kwa utulivu, mtafute mtu wa kuisoma nanyi. Mara nyingi kilichokosekana ni jibu la swali la kwanza: barua ya kueleza kwa nini somo hili, kwa nini chuo hiki, ilinakiliwa kwa rafiki.

Haya, umefika. Viza uliyobandikiwa mara nyingi ni ya miezi michache tu. Imekuvusha mpaka, kibali chenyewe cha ukaazi unakiombea kule, kwenye ofisi ya wageni ya mji wako. Na huwezi kuwa na mji mpaka uandikishwe. Sheria inasema ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba, uende ofisi ya wakazi ukaandikishe anwani, na uwe na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli unaishi pale. Hapa ndipo panapoumiza. Vyumba ni vya shida, mwanafunzi anapata chumba cha rahisi kwa mtu anayemwambia, "Kaa tu, lakini karatasi sisaini." Bila karatasi ile hakuna kuandikishwa, bila kuandikishwa hakuna ofisi inayokutambua. Chumba cha euro mia mbili kisicho na karatasi ni ghali kuliko cha mia nne chenye karatasi.

Kuna jambo dogo sana nalotaka mlishike. Nchi ile inaendeshwa kwa barua, barua ya bahasha, na mwenye kupeleka barua hana namba ya chumba chako. Anasoma jina kwenye sanduku la barua. Kama jina lako halipo pale, barua inarudi ilikotoka. Mimi nilikaa chumba cha kupangisha kwa mtu ambaye sandukuni palikuwa na jina lake peke yake. Ofisi iliniandikia siku ya kwenda kutoa alama za vidole kwa ajili ya kadi ya kibali. Barua ikarudi. Nikasubiri mwezi, nikasubiri wa pili, nikiamini wamenisahau, kumbe wao wanaamini mimi ndiye niliyekataa kwenda. Siku niliyoambiwa, nilikata kipande cha bahasha ya kaki, nikaandika jina langu kwa kalamu ya wino, nikalibandika kwa gundi ya plasta. Bandikeni majina yenu siku ya kwanza, kabla hamjafungua mabegi.

Bima msiichukulie ya juu juu. Ile ya safari mliyoingia nayo haitoshi kwa kujiandikisha chuoni wala kwa kibali. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anaingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi. Aliyevuka 30, na hapa nawaona walimu kadhaa mnaokwenda kusoma uzamili, jipangeni mapema, maana kiwango hicho hakiwahusu, na gharama inapanda.

Kadi ya kibali ikitoka, itakuja na karatasi ya kukunja. Watu hutia kadi kwenye pochi na karatasi wakaisahau kabatini. Isomeni karatasi hiyo kuliko kadi, kwa sababu imeandikwa unaruhusiwa kufanya kazi gani na kiasi gani. Mwanafunzi, tangu Machi 2024, anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Kazi ya kujiajiri mwenyewe hairuhusiwi bila idhini, na hapa wengi wanateleza bila kujua: anayesambaza chakula kwa baiskeli akapewa mkataba wa mtu aliyejiajiri, anadhani ni kibarua cha kawaida. Jiulize tena, nimekuja kufanya nini? Ukibadilisha somo au chuo, nenda ukaiambie ofisi kabla, isije ikakujua kwa karatasi za mtu mwingine.

Watafiti, nawageukia ninyi. Mimi nilikwenda Ujerumani kwa majina mawili. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, mara ya pili mtafiti wa uzamivu mwenye mkataba wa kazi. Mtu yuleyule, maabara ileile, udongo uleule wa Usambara kwenye mifuko yangu, lakini mbele ya sheria nilikuwa watu wawili. Mwanafunzi yuko kwenye kifungu cha 16b cha sheria yao ya ukaazi, mtafiti yuko kwenye cha 18d. Mtafiti haulizwi akaunti ya zuio kwa namna ya mwanafunzi. Anaulizwa mkataba wa kupokewa. Huo ni mkataba kati yako na taasisi, unaosema utafanya utafiti gani, mpaka lini, na nani anagharamia. Maswali yetu mawili, yameandikwa ukurasa mmoja na kutiwa muhuri. Ukiwa nao, milango mingi inafunguka. Mume wangu aliponifuata hakudaiwa cheti cha Kijerumani, na aliruhusiwa kufanya kazi. Kipindi cha uanafunzi wangu jambo hilo lisingekuwa rahisi namna ile.

Wanafunzi wa uzamivu mko katikati. Mnaweza kuandikwa upande huu au ule, kutegemea mna mkataba wa kazi au ufadhili, na chuo kinawapokea kwa karatasi gani. Kwa hiyo, kabla hamjaomba viza, mwandikieni profesa wenu waziwazi: nitaingia kama mwanafunzi au kama mtafiti, na mkataba wa kupokewa nitapewa? Maprofesa wengi ni wema lakini hawajawahi kuomba viza maishani mwao. Anayejua ni yule mama au baba wa ofisi ya kimataifa ya chuo. Mtafuteni huyo, mjibuni barua zake upesi, mshukuruni. Tofauti hii inakufuata hadi mwisho wa safari: aliyemaliza masomo hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na aliyemaliza utafiti hupewa hadi miezi tisa. Na mtafiti mwenye kibali cha nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, tuseme Uswidi, anaweza kuja kufanya utafiti Ujerumani hadi siku 180 ndani ya siku 360 kwa taasisi kutoa taarifa tu. Denmark na Ireland hazimo kwenye mpango huo.

Kuna kifungu kimoja kinachowangoja ninyi mnaochukua data zenu huku nyumbani. Mwenye kibali cha Ujerumani akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali kinakufa chenyewe. Hakuna anayekifuta, hakuna barua. Unarudi na kadi ambayo tarehe yake bado inaonekana nzima, na kisheria haipo tena. Mimi nilikuja Lushoto kuchimba mashimo ya udongo kwenye miteremko, mvua za vuli zikachelewa, na udongo mkavu haunipi nilichokuwa nakitafuta. Nikaona wazi kwamba miezi sita haitoshi. Kilichoniokoa ni kwamba kabla ya kuondoka niliomba muda mrefu zaidi kwa maandishi, nikiwa na barua ya profesa inayoeleza kwamba kazi yenyewe iko Tanzania, na ofisi ikakubali kwa maandishi. Karatasi ile nilitembea nayo mlimani, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kipimo cha udongo.

Nao wenzetu wakija kwetu hawaingii hivi hivi, na ni haki. Mtafiti wa kigeni anapita kwanza Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, apate kibali cha utafiti akiwa na mshirika wa hapa nchini, kisha Uhamiaji wampe kibali cha ukaazi daraja C. Siku moja mtakuwa ninyi ndio wenyeji wao. Msiwaache wageni wenu wazunguke ofisi peke yao, kama ambavyo hamtapenda kuzungushwa.

Nimebakiza jambo moja, nalo nimelibeba muda mrefu kabla ya kulisema hadharani.

Mwaka wangu wa tatu kadi ilikuwa inakaribia kuisha. Niliomba kuongezewa kabla ya tarehe, kama inavyotakiwa. Ofisi ikawa na kazi nyingi, kadi mpya haikutoka kwa wakati, nikapewa karatasi ya muda wanayoiita Fiktionsbescheinigung. Ni karatasi ya kukunja, ndani ina visanduku vitatu, na afisa anatia alama kwenye kimoja. Sikukisoma. Nilisoma tarehe tu.

Kadi ikaisha. Wiki iliyofuata baba yangu alifariki Lushoto.

Maziko sikuyategemea, sisi huzika siku ileile, na hata mtu wa Dodoma huchelewa. Lakini arobaini nilipaswa niwepo. Nilikuwa mtoto wake mkubwa. Mwanafunzi mwenzangu akaniambia: kadi imeisha, ukitoka na hiyo karatasi hurudi. Nikaenda dirishani kuuliza. Aliyekuwepo alijibu kwa haraka, maneno ya kisheria marefu, nikashika neno moja tu, "safari", na uso wake ukaonekana kama unakataa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Niliona aibu kusema sijaelewa. Nikaondoka. Siku ya arobaini nilisikiliza hitima kwa simu, mtandao unakatika, wadogo zangu wanapokezana kushika simu ili nisikie sauti za wazee.

Miezi kadhaa baadaye mshauri wa wanafunzi wa kigeni aliifungua karatasi ile mezani kwake kwa jambo jingine, akaweka kidole kwenye kisanduku cha tatu. Alama ilikuwa pale. Kisanduku hicho kinasema kwamba kibali cha zamani kinahesabiwa bado kipo mpaka uamuzi utoke. Kwa karatasi ile na kadi yangu iliyoisha, ningeweza kwenda Lushoto na kurudi. Visanduku viwili vya kwanza havina ruhusa hiyo ya kurudi. Cha tatu kinayo. Nilikuwa nayo mfukoni siku zote arobaini.

Sina mtu wa kumlaumu hapa. Ila tangu siku ile, kila mtoto wa kwetu anayefika mjini kwangu namwambia: jibu la dirishani usiondoke nalo masikioni tu. Sema sijaelewa. Sema naomba uniandikie. Kama Kijerumani hakitoshi, nenda na mtu. Ombi la kuongeza muda lipeleke miezi miwili au mitatu kabla, na utunze ushahidi kwamba umelipeleka, maana ukichelewa hata siku moja baada ya kadi kuisha, kisanduku cha tatu huwezi kukidai kama haki yako. Na ukipewa karatasi hiyo ya muda, fungua ndani, palepale ofisini, uangalie alama iko wapi.

Nimekuja na kalamu nyekundu na kalenda za ukutani, zimepangwa pale pembeni. Naomba tusipige makofi kwanza. Leteni pasi zenu na barua zenu hapa mezani, tuziangalie moja moja: pasi inaisha lini, muhula unaanza lini, miadi mmeomba lini, na kila tarehe tuiandike kwenye kalenda ya mwenyewe, aende nayo. Wazazi nao wasogee, wasikie. Tuanze na wewe hapo mbele, mwenye bahasha ya kaki. Karibu, kaa hapa. Unakwenda kusoma nini?